Njia nne za kufanya kazi na wakimbizi kupitia chakula: ipi inakufaa wewe na wao?

Ukitaka kufanya kazi na wakimbizi kupitia chakula ukiwa Marekani, utakutana na njia kuu nne. Ya kwanza ni kuchuma matunda yanayoozea kwenye miti ya watu, kazi inayofanywa na Iskashitaa Refugee Network huko Tucson, Arizona, tangu 2003. Ya pili ni bustani ya pamoja ambamo kila familia ina kitalu chake, kama New Roots ya San Diego, California. Ya tatu ni shamba la mafunzo linalomwandaa mtu kuuza sokoni, kama lile la Juniper Gardens huko Kansas City, Kansas. Ya nne ni shamba ambalo wakimbizi wenyewe ndio wenye usemi, kama la Wabantu wa Somalia katika jimbo la Maine.

Zote huitwa miradi ya chakula, lakini kila moja inamdai mtu kitu tofauti na kumpa kitu tofauti. Nawaandikia hasa ninyi mnaosema Kiswahili, kwa sababu Wakongomani na Warundi wengi waliopokelewa huku walikuja na Kiswahili chao, na mara nyingi wewe ndiye utakayeitwa kutafsiri na baadaye kuombwa ushauri. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa aliyefika karibuni, kuchuma matunda ni mlango mzuri kuliko yote. Kwa aliyekwisha kuomba ardhi, kuchuma si jibu, na tusimpe kama fidia.

Kwanza mjue mtu

Wenye nia njema wengi hudhani kila mkimbizi ni mkulima. Mama aliyetoka Fizi au Uvira, mashariki mwa Kongo, huenda amelima mihogo na maharage tangu utotoni, na ukimwonyesha udongo anajua la kufanya bila kuelekezwa. Lakini kijana aliyezaliwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996, amekulia kwenye mgao wa unga na kunde, mahali ambapo kutoka nje ya mipaka ya kambi kwenda kulima ni kujitafutia matatizo. Aliyekulia Kakuma amezoea Bamba Chakula, pesa ya chakula inayoingia kwenye simu, katika nchi kame ya Turkana, Kenya. Aliyetoka Nakivale, Uganda, huenda alipewa kipande cha ardhi akalima mahindi, akala na kuuza. Na mwalimu au mfanyabiashara wa Bukavu anaweza asiwe na hamu yoyote ya jembe. Ukimpeleka shambani wiki ya kwanza atajiona ameshushwa.

Kwa hiyo uliza, na uulize vizuri. Swali la "unapenda kulima?" halina maana, kwa sababu mgeni atakujibu ndiyo kwa heshima tu. Muulize alikuwa akifanya nini nyumbani, ana zamu gani kazini, nani hubaki na watoto, magoti na mgongo vikoje, na ni chakula gani amekikosa tangu afike. Majibu hayo matano yatakuchagulia mradi kuliko tangazo lolote.

Kuchuma matunda: Tucson

Tucson ni mji wa jangwa, lakini nyua za nyumba zake zimejaa michungwa, mibalungi, milimau, mitende, mizeituni, mikomamanga na mitini. Mbalungi mmoja uliokomaa unaweza kuzaa mamia ya pauni kwa msimu, na wazee wawili wanaoishi peke yao hawawezi kuyamaliza. Mitaani na kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Arizona imepandwa midanzi, yaani michungwa ya matunda machungu, kwa ajili ya kivuli na mapambo. Wakazi wengi wanayaona madanzi kuwa hayaliki, wanayaacha yaanguke na kupondwa na magari.

Barbara Eiswerth aliianzisha Iskashitaa na vijana wa Wabantu wa Somalia waliokuwa ndio kwanza wanafika mjini. Mababu wa watu hawa walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakapelekwa bonde la Juba, na wapo kati yao wanaosema Kizigua mpaka leo. Vita vya Somalia vikawafukuza hadi kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya, na baadaye Marekani ikakubali kuwapokea wapatao 12,000. Sasa wachumaji wa Tucson wanatoka mataifa mengi, na kila mwaka wanaokoa makumi ya maelfu ya pauni za matunda na mboga.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Mwenye mti anatoa taarifa, kikundi kinafika na gari, ngazi, ndoo na fimbo ndefu yenye kikapu mwishoni. Wanachuma, wanagawana, na ziada inakwenda kwa familia nyingine au kwenye benki za chakula. Hakuna ardhi ya kukodi, mbegu ya kununua wala miezi mitatu ya kungoja. Mtu aliyeshuka kwenye ndege juzi anarudi nyumbani na mfuko wa machungwa aliyoyachuma mwenyewe.

Kuna jambo jingine ninalolithamini zaidi ya matunda. Mkimbizi mgeni huijua Marekani kupitia madirisha ya ofisi: fomu, foleni, miadi. Siku ya kuchuma anaingia kwenye ua wa mtu kwa mwaliko, anasalimiwa, anaulizwa kwao wanalipikaje limau. Mzee ambaye hushinda ndani siku nzima kwa sababu watoto wako kazini na hajui basi lipi linakwenda wapi, anapata siku ya kuhesabiwa miongoni mwa watu. Anasimama chini ya mti, anaelekeza vijana tawi gani limeiva. Na ujuzi unapita pande zote mbili. Wakimbizi wa Syria na Iraq wanajua kuitoa zeituni uchungu wake kwa maji na chumvi. Akina mama wa mwambao wa Somalia, Wabajuni na watu wa Barawa, hawahitaji kufundishwa na mtu achari ya malimau. Mmarekani aliyekuwa akiyatupa madanzi yake anajifunza kwa mgeni wake kwamba danzi lina kazi jikoni.

Lakini yapo mambo ambayo waandaaji huyasahau, na wewe mtafsiri ndiye utakayeyasema. Balungi linagongana na baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kupunguza lehemu (kolesteroli). Linaweza kuzidisha nguvu ya dawa mwilini. Mzee anayetumia dawa amuulize mfamasia kabla ya kupeleka mfuko nyumbani. Mwenye kisukari aelezwe kwamba maji ya machungwa kumi si sawa na chungwa moja. Ngazi iachiwe vijana wenye viatu vya kufunga, na kiangazi, joto linapopita nyuzi 40, kazi ianze alfajiri au isifanyike. Muulize mwenye nyumba kama mti umepigwa dawa. Wenye nyumba wanaoogopa kushtakiwa mtu akiugua waambiwe kwamba tangu 1996 ipo sheria ya shirikisho, iliyopewa jina la Bill Emerson, inayomlinda anayetoa chakula kwa nia njema. Sheria hiyo humlinda pia mwenye eneo mchumaji wa chakula cha kugawia wahitaji akiumia hapo, isipokuwa kwa uzembe mkubwa au kwa makusudi, lakini mradi bado uwe na bima yake.

Mgawanyo uamuliwe mapema. Toronto, Kanada, mradi wa Not Far From the Tree ulioanza 2008 hugawa mafungu matatu: la mwenye mti, la wachumaji, la mashirika yanayolisha wahitaji. Naupenda utaratibu huo kwa sababu mchumaji ana fungu lake kwa haki. Nimeona mahali ambapo wakimbizi walichuma asubuhi nzima, kisha kila kitu kikapelekwa ghalani na wao wakaambiwa waje siku ya mgao wapange foleni. Hiyo ni kuwatumikisha watu, na mtafsiri asikubali kuitafsiri kwa maneno matamu.

Udhaifu mkubwa wa kuchuma ni kwamba hakumpi mtu kipato wala mahali pake. Mti ni wa mwingine. Mwenye nyumba akihama au akiukata, basi.

Kitalu cha familia: San Diego

Bustani ya New Roots katika mtaa wa City Heights ilizaliwa na ombi la Wabantu wa Somalia wenyewe, waliotaka ardhi ya kulima. Shirika la International Rescue Committee lilisimama nao. Vibali vya jiji vilichukua miaka na kugharimu makumi ya maelfu ya dola, mpaka suala hilo likachangia jiji kulegeza kanuni zake za bustani za jamii. Shamba lilifunguliwa mwaka 2009, ekari 2.3 zenye vitalu vya familia zipatazo 80, na mwaka uliofuata Michelle Obama alilitembelea.

Hapa mtu analima anachokitaka, na hiyo ndiyo tofauti kubwa na kuchuma. Mkongomani hahitaji mabalungi manne kwa siku. Anahitaji lengalenga (mchicha), matembele, majani ya maboga, nyanya chungu, bamia na pilipili kali. Katika maduka ya kawaida ya Marekani hupati matembele, na sombe (kisamvu) iliyogandishwa ya duka la Waafrika ina bei. Kitalu cha mita chache kikitunzwa vizuri wakati wa joto kinaipa familia mboga ya majani karibu kila siku, nayo hukatwa ikachipua tena. Mama anayeona watoto wake wanaanza kuikataa mboga ya kwao kwa sababu ya chakula cha shule analijua deni linalolipwa na kitalu hicho.

Vikwazo vipo. Mchicha una ndugu zake wengi ambao wakulima wa Marekani huwaita magugu, kwa hiyo jirani wa kitalu asiyejua anaweza kung'oa lengalenga lako akidhani anakusaidia; weka kibao. Mbegu za kutoka nyumbani haziingii nchini mkobani hivihivi, zinahitaji vibali vya Wizara ya Kilimo. Zipo kampuni na wakulima wa hapa wanaouza mbegu za mchicha, bamia na nyanya chungu, anzia huko. Udongo wa mjini unaweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu yaliyobaki kutoka rangi za zamani na moshi wa magari, basi upimwe, au mlime kwenye vitalu vya mbao vilivyojazwa udongo safi. Maji California na Arizona ni gharama ya kweli. Na muhogo, isipokuwa maeneo yasiyopata jalidi, usimwahidi mtu.

Shamba la mafunzo: Kansas City

New Roots for Refugees ilianza 2008 kwa ushirikiano wa Catholic Charities of Northeast Kansas na Cultivate Kansas City. Mkulima, na wengi wao ni wanawake, anapewa robo ekari, takriban mita za mraba 1,000, na mafunzo ya miaka minne. Mwanzoni gharama nyingi hubebwa na mradi, kisha mwaka hadi mwaka anazibeba zaidi mwenyewe. Anauza kwenye masoko ya wakulima na kwa wateja wanaolipia mapema vikapu vya kila wiki. Majira ya baridi kuna darasa: Kiingereza cha sokoni, hesabu, mpango wa kupanda. Akihitimu anatafutiwa ardhi yake.

Hii ndiyo njia pekee kati ya nne yenye lengo la kipato cha mkulima mmoja mmoja, na ndiyo inayochosha kuliko zote. Mkimbizi aliyefika Marekani husukumwa apate kazi haraka, na kazi hizo ni za machinjioni, maghala na hoteli. Kulima robo ekari juu ya zamu ya usiku ni mzigo. Usimshawishi mtu aingie kwa sababu umependa picha. Fedha za msimu wa kwanza ni za kuongezea, hazilipi kodi ya nyumba. Lakini mama niliyemjua akiwa hawezi kutaja bei kwa Kiingereza, leo anabishana na mteja kuhusu ubora wa vitunguu vyake, na simdharau hata kidogo aliyeshinda miaka minne hiyo.

Shamba la wenyewe: Maine

Wabantu wa Somalia waliohamia Lewiston walianzisha chama chao, Somali Bantu Community Association, na mashamba yao yanaitwa Liberation Farms. Baada ya miaka ya kulima vipande vya kukodi hapa na pale, walipata shamba la zaidi ya ekari 100 katika mji mdogo wa Wales, kwa msaada wa Agrarian Trust, taasisi inayoishika ardhi ili isiuzwe tena na wao walime kwa muda mrefu. Wanalima mahindi magumu ya kusaga, yale yanayotoa unga wa ugali wao, pamoja na mboga, katika nchi ambako msimu wa kulima ni mfupi na theluji ni ndefu.

Mimi naiona hii kuwa njia bora, na sababu yake si ukubwa wa ekari. Kwenye zile tatu za mwanzo, shirika ndilo linaloamua ratiba, linaloajiri mratibu na linaloandika ripoti. Fedha za mfadhili zikikatika, mratibu anaondoka na mradi unalala. Tumeliona hilo kwa macho: Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi, fedha zikakatwa, na mashirika mengi yakapunguza wafanyakazi. Chama chenye viongozi wake nacho kinaumia, lakini uamuzi wa kulima mwaka ujao unabaki mikononi mwao.

Ubaya wake ni kwamba huwezi kuuanzisha wewe. Unahitaji jamii iliyokwisha kuwa na chama, wazee wanaosikilizwa, vijana wanaojua sheria za nchi na uvumilivu wa miaka kumi. Kazi yako hapo ni ndogo na ya heshima: kuandika barua, kutafsiri mkataba neno kwa neno, kumtafuta mwanasheria.

Njaa imeongeza uzito wa swali hili

Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa wakimbizi kwenye SNAP, msaada wa serikali wa kununulia chakula, mpaka wapate ukaazi wa kudumu, na ukaazi huo hautolewi kabla mtu hajatimiza mwaka mmoja nchini. Maana yake ni kwamba kipindi kigumu kuliko vyote ndicho kisicho na kadi ya SNAP. Ndiyo sababu nasisitiza mgawanyo wa haki kwenye uchumaji: mfuko wa machungwa na mboga si zawadi ya kupendezesha siku. Mwenye ukaazi anayeipata kadi hiyo ajue pia kwamba inanunua mbegu na miche ya chakula, wengi hawajaambiwa.

Kwa mlioko Afrika Mashariki, ulinganisho huu unahitaji kugeuzwa. Uganda mkimbizi hupewa ardhi, Bidibidi iliyofunguliwa 2016 watu waligawiwa viwanja vya mita 30 kwa 30, kwa hiyo shida ni udogo wa kiwanja na rutuba, na bustani ya jikoni ndiyo ya kwanza. Kalobeyei, Kenya, shida ni maji, na vitalu vya kuzama vinavyohifadhi unyevu ndivyo vinavyofaa. Maembe ya West Nile, Uganda, huoza kwa wingi msimu wake, na uchumaji wa pamoja ungefaa, ila miti ni ya wenyeji na makubaliano yaanze na wazee wao.

Basi uchague ipi

Kama una Jumamosi tu na gari, na watu wako wamefika ndani ya miezi sita, chagua kuchuma. Usingoje mradi rasmi. Familia tatu, majirani wawili wenye miti na makubaliano ya mafungu vinatosha kuanza. Kwenye miji ya jangwa, machungwa na mabalungi ni ya majira ya baridi hadi mwanzo wa machipuo, komamanga ni Septemba na Oktoba. Kwenye miji ya kaskazini ni matofaa, peasi na plamu za mwisho wa kiangazi.

Kama akina mama wanakuambia wamekosa mboga zao, au wazee wanauliza kama kuna mahali pa kulima, acha matunda, tafuta ardhi. Anza na kanisa au msikiti wenye uwanja mtupu, kisha ofisi ya jiji. Umbali uwe wa kutembea au wa basi moja. Kitalu kilicho mbali hufa Julai.

Kama mtu mmoja, si kikundi, anataka biashara na familia yake imekubali, mpeleke shamba la mafunzo, na uulizie nafasi wakati wa vuli kabla madarasa ya baridi hayajaanza. Mwomba hifadhi ambaye hajapata kibali cha kazi asianze kuuza kitu kabla ya kuongea na mwanasheria wa uhamiaji; kulima kitalu chake cha kula ni jambo tofauti na biashara.

Na kabla ya kumpeleka mtu popote, piga simu mwenyewe, kwa sababu miradi mingi imebadilika tangu 2025. Uliza kama bado unapokea watu, nani anaamua kinachopandwa, mchumaji anaondoka na nini, usafiri unalipwa na nani, na kama yupo mkimbizi hata mmoja kwenye kamati. Wakikosa jibu la swali la mwisho, waulize wataanza lini kumweka.